Nilimwambia Niko Njiani

Cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na simu yenye chaji. Mimi ni mtu wa Nakuru, mlokole, nimekua nikiambiwa majini ni mambo ya watu wa Pwani ya kutishia wageni. Nilikuja Dubai kusuka nywele katika saluni moja ya mtaa wa Karama, sikuja kutafuta maajabu. Maajabu ndiyo yaliyonitafuta, tena kwa WhatsApp.

Mdogo wangu Wanja alikuwa anaolewa Ujerumani, katika kijiji kimoja kwenye milima ya Msitu Mweusi. Ndivyo unavyoitwa, jina sikuupa mimi. Baba hatunaye tena, mama alinyimwa viza, na katika ukoo mzima ni mimi tu niliyeipata, kwa sababu nina ukaazi wa Dubai. Wanja alinipigia akilia. "Dada, usipokuja nitaingia kanisani peke yangu kama mtu asiye na kwao." Nikamwambia nitakuja nimshike mkono, hata ikibidi nitambae. Nilimaanisha, na tangu siku hiyo sikulala vizuri.

Shida ilikuwa njia. Tikiti ya bei nafuu ilikuwa ya Milano. Kutoka Milano, treni hadi Lucerne, tulale hapo tulione ziwa, kwani mtu atafika Ulaya apite tu kama mzigo? Kutoka Lucerne, treni nyingine hadi mji mdogo mwisho wa reli. Halafu gari la kukodi kupanda mlima, kwa sababu basi la kijijini halipandi Jumamosi, na harusi ni Jumamosi. Na mimi kuendesha sijui. Nimefanya mtihani wa leseni hapa Dubai mpaka mkaguzi akiniona anaanza kuvuta mkanda kabla hajakaa. Rafiki niliyepanga kwenda naye, mwenye leseni, kafeel wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alimnyima likizo dakika za mwisho. Nikaandika kwenye kundi la Waswahili wa Dubai: natafuta mwanamke wa kusafiri naye Ulaya siku chache, treni na gari, awe dereva.

Hapa lazima nikueleze kitu kuhusu sisi Wakenya, kama wewe si wa kwetu. Sisi tukiulizwa uko wapi, tunajibu niko njiani. Si uongo, ni adabu. Uko kitandani, blanketi limefika kidevuni: niko njiani. Uko bafuni, sabuni machoni: niko njiani, nimekaribia. Anayeuliza anajua, anayejibu anajua, na kila mtu anaendelea na shughuli zake kwa amani. Sikujua kuna kiumbe asiyelijua hilo.

Aliyejibu aliitwa Shamsa. Alisema kwao Hatta, kule milimani. Tulipatana kukutana kafeteria moja nyuma ya saluni baada ya sala ya Ijumaa. Akaniandikia, "Nimefika, uko wapi?" Mimi nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa. Nikajibu ninavyojibu siku zote. Nilipofika hatimaye, meza zote zilikuwa tupu. Nikakaa, nikaagiza chai karaki, ndipo akaingia mwanamke mrefu, mzuri mpaka wapishi wakatoka jikoni, ananukia udi, pindo la abaya limejaa vumbi.

"Nimeipita njia yote kutoka hapa hadi kazini kwako, nikaenda na kurudi," akasema. "Sikukuona."

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka, alinitazama tu kwa mshangao, akainywa karaki yake ikiwa bado inatokota, mkupuo mmoja.

Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, kile cha zamani, cha kumfanya mtu wa Nakuru aone haya kufungua mdomo. Nikatoa simu nimwonyeshe mipango. Nilikuwa nimechagua treni za mwendo kasi. Akaikataa ya kwanza.

"Hakuna ya polepole zaidi?"

"Ipo, lakini inasimama kila kituo."

"Hiyo," akasema, na macho yakamng'aa. "Na hii gari, hakuna njia ndefu zaidi ya kupanda mlima? Yenye kona?"

Nikamuuliza kama amewahi kufika Ulaya. Akasema amefika mara nyingi, lakini kwa juu. Nikadhani anasema ndege. "Mimi, mwenzangu, nikitaka mahali nishafika," akaniambia kwa huzuni kabisa. "Sijawahi kuwa njiani. Nasikia watu mnasema niko njiani, niko njiani, nawaonea wivu." Niamini, sikushtuka. Dubai ina matajiri wa kila aina, nikafikiri huyu ni mmoja wa wale wanaochoshwa na raha. Nikamuuliza habari ya viza, akasema yeye hasumbuliwi. Nikaomba kuiona leseni. Ilikuwepo, ina picha yake, na hata ile kadi ilinukia udi.

Lakini mimi si mjinga. Nikamwambia siwezi kupanda mlima wa Ulaya na mtu ambaye sijamwona akiendesha. Jumamosi asubuhi akanijia na kigari cheupe, tukashika njia ya Hatta. Na aliendesha vizuri, sikufichi. Kona alizikata taratibu, anaongea na kila jiwe kama mtu anayesalimia majirani. Tulipoanza kupanda karibu na bwawa akasema, "Samahani, mimi huendesha vizuri zaidi nikivua viatu."

Akavua. Mimi nikatazama chini, kwa kuwa mama yetu alitufundisha kutazama viatu vya watu.

Ilikuwa kwato. Kwato ya punda, nyeusi, imepakwa mafuta, imekaa juu ya breki kwa adabu zake.

Utasema kwa nini sikupiga kelele. Ungepiga wewe? Uko mlimani, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na anayeshika usukani ndiye huyo huyo. Nikayarudisha macho barabarani nikaanza kusifu hali ya hewa.

"Umeona," akasema.

"Nimeona nini?"

"Basi tunaenda Ulaya, au hatuendi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema hapana. Lakini mimi neno hapana halitoki, likifika kooni linageuka. "Tutaenda, inshallah," nikasema, mlokole mimi. Shamsa akafurahi mpaka akapiga honi.

Nikarudi Karama. Ninaishi chumba kimoja na Bi Raya, mama wa Kizanzibari anayeshona abaya, mtu mzima mwenye maneno machache. Nilipomweleza, hakuacha hata kushona.

"Kwato moja au mbili?"

"Niliona moja, Bi Raya. Sikutafuta ya pili."

"Sikiliza, mwanangu. Hao ukiwaambia hapana, wanakubali. Ukiwaambia ndiyo, wanakubali. Wasichokijua ni hayo mambo yenu ya katikati. Mpigie umwambie huendi naye, khalas."

Rahisi, sivyo? Niliishika simu hiyo jioni nzima. Kila nikitaka kupiga, namwona Wanja peke yake mlangoni mwa kanisa, nafikiri, bila dereva nitafikaje? Halafu naikumbuka kwato, nafikiri, na dereva nitafikaje? Mwisho nikafanya kama mtu wa kwetu yeyote. Nilibadilisha tikiti yangu ya jioni kuwa ya asubuhi, sikumwambia kitu, nikajipa moyo kwamba huko mbele Mungu atatoa gari.

Siku ya safari nilikuwa nimeshakaa ndani ya ndege, mkanda kiunoni, simu ikaita. Alikuwa amewahi kutwa nzima.

"Nimefika uwanja wa ndege nikuone ukija," akasema. "Uko wapi?"

Ulimi ukatangulia kama kawaida yake. "Niko njiani."

"Njia ipi?"

"Hii hii tuliyopanga," nikasema, nikazima simu. Ndege ikapaa.

Milano nililala fofofo, nikajiona mjanja. Kesho yake nikapanda treni ile ya polepole, maana ndiyo iliyokuwa imelipiwa. Kituo cha kwanza, nikaona mwanamke mwenye abaya nyeusi amesimama, anatazama dirisha moja baada ya jingine. Nikasema Ulaya nako kuna Waislamu, tulia. Kituo cha pili, yule yule. Cha tatu, yule yule, pindo limejaa vumbi. Na treni yetu, nilishakwambia, ilisimama kila kituo. Nilifika Lucerne nimelala sakafuni kati ya viti, kondakta ananiuliza kama nahitaji daktari. Ziwa sikuliona hata kidogo. Nilikaa chumbani pazia limefungwa, nikila biskuti.

Jumamosi nikafika ule mji mdogo wa mwisho. Nikamkuta dada wa kaunta ya magari, nikamwomba gari na mtu wa kuliendesha. Akanijibu kwa upole kwamba wao hukodisha magari, watu hawakodishi, akafunga kaunta akaenda kula. Teksi hakuna. Basi hakuna. Milima ile pale, na Wanja yuko juu yake amevaa shela. Nikaketi juu ya sanduku mbele ya kituo nikalia, sioni haya kusema. Sikulia kwa woga wa jini. Nililia kwa sababu nilikuwa nimempa mdogo wangu neno, na sasa nitamwacha aingie peke yake.

Ndipo nikasikia udi.

Kigari cheupe kikasimama mbele yangu. Kilikuwa na namba za Dubai, nakuapia, palepale Ujerumani. Kioo kikashuka. "Nimekutafuta njia nzima," Shamsa akasema. "Kituo kwa kituo. Kuna mahali treni iliharibika, nikangoja. Kuna mahali nilipotea. Mwenzangu, nimechelewa." Alilisema hilo neno kama mtu anayetangaza amejifungua. "Mimi, maisha yangu yote, leo ndiyo mara ya kwanza nimechelewa."

Hakuwa na hasira hata chembe. Ningefanya nini? Niliingia.

Sasa cheka, hapa unaruhusiwa. Jini ana uwezo wa kuzunguka dunia kabla hujafumba jicho, na mimi nimekaa naye kwenye gari linalotambaa. Akiona ng'ombe, anasimama. Akiona kibao, anakisoma chote, na Kijerumani kina maneno marefu. Lori likitaka kupita, analipisha na kulipungia mkono. Kengele za kanisa zikaanza kusikika huko juu, simu yangu ikawa inaita, Wanja, Wanja, Wanja. Nikapokea. "Dada, uko wapi? Wananiambia niingie."

Na mimi nikamjibu mdogo wangu, siku ya harusi yake, "Niko njiani, nimekaribia."

"Kweli kabisa," Shamsa akasema kwa raha, akasimama kutazama kondoo.

Nikashindwa. Lile neno lililokuwa linageuka kooni miaka yote likatoka lenyewe. "Hapana," nikasema. "Shamsa, hapana. Mimi sitaki kuwa njiani. Sikutaka kusafiri nawe, nilikukimbia, nilikuwa kwenye ndege nikikwambia naja. Nakuogopa. Lakini mdogo wangu hana mtu, na mimi nataka kufika."

Akanigeukia. Nilidhani nimekwisha.

"Kufika?" akasema. "Hilo si lingesemwa mapema? Kufika ndiko rahisi. Lakini njia hii iliyobaki, na kona zake zote, utakuwa umeninyima. Utanirudishia."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nasema ndiyo kwa lolote. Akakanyaga kwa ile kwato, masikio yakaziba, na nilipofumbua macho tulikuwa mlangoni mwa kanisa, kondoo mmoja ameduwaa kwenye kiti cha nyuma. Wanja alikuwa ameshaweka mguu kizingitini. Nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, ukashika wangu mpaka pete ikaniuma, na tukaingia wawili. Nimeshuka milima na kupanda ndege, sijawahi kutembea mwendo mtamu kama ule.

Shamsa alikaa nyuma, akala keki, akacheza muziki mpaka wakwe wakaniuliza yule shangazi yetu ni nani. Kwenye picha za harusi hayumo. Kondoo yumo.

Basi, ningeweza kuishia hapo ukaniona mtu mwenye bahati. Lakini kuna deni la njia. Tangu nirudi Karama, siwezi tena kusema niko njiani. Juzi madam wa saluni alinipigia asubuhi, mteja anangoja, mimi niko chini ya blanketi. Ulimi ukateleza. Kabla sijakata simu nikasikia honi chini ya jengo, na chumba chote kinanukia udi. Bi Raya akavuta pazia akasema tu, "Mwenzio kafika." Kutoka nyumbani hadi saluni ni mwendo wa kuvuka barabara. Shamsa alinipitisha Hatta. Niliingia kazini baada ya adhuhuri, nimeonyeshwa kila jiwe.

Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa niko wapi, nasema niko kitandani. Nasema sijaoga. Nasema sitakuja. Wakenya wenzangu wameniona nimeharibika tabia, kuna waliohama kabisa kundi. Sawa. Lakini nawe unayenisikiliza, hasa wewe uliyewaambia watu wako unakuja, nami nakuona bado umekaa hapa na mimi, chukua simu sasa hivi uwaambie ukweli. Mimi tayari nasikia honi huko chini, na safari hii sijasema kitu.