Majirani wa Bibi na Sumaku za Manganizi

Mwaka ule nilirudi likizo kutoka chuo kikuu, kichwa kimejaa habari za shaba. Wanunuzi binafsi wa pamba ndio kwanza walikuwa wameruhusiwa, na kuanzia Nkololo hadi Maswa zilizunguka pikapu za watu tusiojua kwao ni wapi. Walitundika mizani kwenye mti, wakanunua, kesho yake wakahama. Karani wa ushirika tulimjua mpaka mama yake. Hawa hawakuwa wa mtu.

Mmoja wao alikunywa maji kwa bibi yangu, mama mzaa baba, aliyeishi peke yake mbali kidogo na barabara ya Nkololo. Kabla jua halijazama akaanguka kwa homa, akakimbizwa hospitali. Malaria, mtu yeyote mwenye akili angesema. Lakini bibi alikuwa mjane mzee mwenye macho mekundu, kwa moshi wa miaka yote ya kupikia samadi kavu, na kwetu macho ya namna hiyo husemwa ni ya mchawi, yameshawaua wanawake wengi. Niliogopa sana, sioni haya kulisema.

Kilichofuata kilikuwa cha ajabu. Majirani wa karibu waliendelea kumsalimia kama kawaida. Watu wa senta, yale maduka ya kando ya barabara, walipomwona waligeuza nyuso wote kwa pamoja, hata watoto, bila mtu kutamka neno. Na kutoka mbali zaidi, Kimali huko Meatu, walikuja wageni na kuku mikononi, wakapiga magoti, wakaomba dawa. Bibi hakuwahi kuchimba hata mzizi mmoja. Nilikwenda senta kuuliza nani kasema nini, na hakuna aliyekumbuka. Mwenye duka alinijibu kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja, jibu ambalo nalichukia mpaka leo.

Kilichonitia baridi ni kwamba nilikwisha kuyaona hayo darasani. Chukua shaba, uichanganye na metali iitwayo manganizi, kidogo sana. Kila atomi ya manganizi ni sumaku ndogo, na ziko mbali mno moja na nyingine hata zisiweze kuvutana zenyewe. Ila ndani ya shaba kuna elektroni zisizo na kwao, zinazozurura metali nzima. Zikipita karibu na sumaku moja hupokea sehemu ya mwelekeo wake, na athari hiyo huenea kama viwimbi vya maji kwenye beseni, juu, chini, juu tena, vikififia. Sumaku nyingine ikiwa umbali fulani huelekea upande uleule. Ikiwa mbele kidogo hugeukia kinyume. Mbele zaidi, hurudi. Elektroni zenyewe hazimpendi wala hazimchukii yeyote. Zinapita tu.

Jioni nilimweleza bibi, nikichora vumbini kwa kidole. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wanunuzi ndio hao wazururaji. Nikasema ndio hasa.

"Basi nao wabebe kitu kingine," alisema.

Mnunuzi alipopona na kurudi, bibi alimwita, akampikia ugali kwa kuku, wakala sahani moja mchana kweupe. Yule bwana akashiba, akaondoka akimsifia kijiji hadi kijiji. Haukupita muda, watu wa senta wakaanza kumwamkia kwa heshima kubwa. Mama huyu, walisema, amemponya mtu. Nilifurahi kama mjinga.

Kisha asubuhi moja jirani yake wa mlango kwa mlango hakuja kuchukua moto. Tangu waolewe wote wawili, alikuwa akija kila kunapokucha na kigae chake, anasema "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, anachota makaa, anaondoka. Bibi alimngoja mpaka makaa yakawa majivu. Nikaenda kuuliza. Mama yule aliongea nami bila kugeuka. Alisema habari zimemfikia, na kwamba anayeweza kufungua ndiye aliyefunga.

Habari ilikuwa ileile moja. Senta waliisikia kuwa ni tiba, na hapa jirani ilisikika kuwa bibi amekiri uchawi.

Bibi hakulia. Alitandika khanga, akaanza kufungia nguo zake.

"Wa barabarani wakinichukia, nalala," aliniambia. "Huyu anajua mlango wangu unavyofunguka. Huyu akinichukia, silali."

Tukaondoka siku hiyohiyo. Majirani wa karibu walisimama nje ya nyumba zao, wote wametugeuzia migongo. Senta walitabasamu na kumbebea bibi mzigo mpaka kwenye pikapu ya pamba iliyotupa nafasi. Kijiji kilichofuata kilifunga milango tulipopita. Cha baada yake kikatupungia mikono. Hakuna aliyetangulia kuwaambia kwamba tunakuja. Bibi aliyatazama yote hayo, amenishika mkono mpaka unauma.

Tulipoanza kuyaona mabati ya Bariadi, aliniinamia sikioni.

"Mjukuu wangu, hapa ni umbali gani?"

Kilometa nilizijua. Hakuwa ameniuliza kilometa, nikanyoosha shingo nione kama milango ya kwanza imefungwa au iko wazi.