Jiwe Jeusi Ndani ya Tangi

Mimi na tangi la petroli hatudanganyani. Mtu atakuapia mpaka mate yamkauke, lakini tangi ukilifungua litakwambia lililonyweshwa. Ufundi huu niliupata Unguja ujanani, na Kiswahili changu pia nilikiokota gereji huko huko. Kwetu ni Mutsamudu, kisiwa cha Wanzwani, ila mke nilioa Moroni, kisiwa cha Ngazidja, na kwa mila ya visiwa vyetu nyumba ni ya mke. Nilihamia kwake na sanduku moja la nguo na gari.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo nyeupe, kuukuu tangu wakati huo, mlango wa nyuma umebonyea. Nilipopata kazi ya miezi minane bandarini Mutsamudu, nililiacha Vouvouni, nje kidogo ya Moroni, kwa rafiki yangu niliyekuwa nikila naye sahani moja. Gari likilala muda mrefu na petroli tumboni, tangi huota kutu. Basi pale uani kwake nilimwaga petroli yote, nikalishusha tangi, nikatia maji ya sabuni na kokoto laini za mtoni, nikalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Lilipokauka juani nikamimina oili kidogo, nikaligeuzageuza mpaka kila upande wa ndani ukapakazwa, kisha nikalirudisha mahali pake.

Kokoto hizo nilizileta kwa meli kutoka mto wa kwetu. Ngazidja haina mto hata mmoja, na mawe yake ya volkano yana meno, yanakwaruza bati na kuacha vumbi jeusi. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Nyinyi Wanzwani nyinyi! Mawe yote haya ya Ngazidja, bado mnabeba ya kwenu kwenye kikapu?" Nami nikacheka, nikampa ufunguo.

Ilikuwa miaka ya mamluki, wale Wazungu wa kukodiwa walioshika kambi ya jeshi, na watu walinong'ona hata wakiomba chumvi. Nikiwa Mutsamudu nililetewa habari kwamba shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amechukuliwa mara baada ya sala ya alfajiri. Alirudi wiki kadhaa baadaye, sikio moja halisikii, na maneno hana. Nilipofika Moroni, mama mkwe alinisimamisha mlangoni. Nikamwamkia kwezi, salamu yetu kwa wakubwa.

"Lililomchukua mwanangu ni gari lako," alisema. "Ule mlango uliobonyea niliuona kwa macho yangu. Mpaka uniambie lilifikaje hapa, usivuke kizingiti hiki."

Mke wangu alikuwa nyuma yake, analia.

Nilikimbilia Vouvouni. Gari lilikuwa pale pale chini ya turubai, buibui kajenga kwenye usukani. Rafiki yangu akashika kifua. "Wallahi, ndugu yangu, halikuguswa. Pijo nyeupe ni moja nchi hii? Mama wa watu ana uchungu, amefananisha tu." Jamani, nilivyoshusha pumzi! Niliona haya hata kwa kumuuliza. Nikatia petroli, nikawasha, nikaondoka nimkabili mkwe wangu kwa kichwa juu.

Sikufika mbali. Gari lilikohoa, likatetemeka, likazimika kwenye mwinuko. Nikafungua pampu ya petroli, na kile kikombe chake cha chini cha kukusanyia uchafu kilikuwa kimejaa tope jeusi. Chujio limeziba kabisa. Nikajilaza chini ya gari barabarani, nikafungua bolti, nikalishusha tangi. Kitu kikagonga ndani. Nikaliinamisha, nikalitikisa, nikaligeuza, mpaka kikadondoka kiganjani: jiwe dogo jeusi, lenye vitundu na meno. Nikapitisha kidole ndani ya tangi. Oili yangu hakuna. Bati limekwaruzwa, na kutu imeanza kuota.

Gari lilikuwa limeendeshwa, kisha tangi likaoshwa tena, na aliyeliosha hakutumia mawe ya kwetu. Mjinga mimi! Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekifulia nguo.

Nilirudi kwa rafiki yangu kwa miguu nimelifumbata jiwe lile. Alipoliona hakuapa tena. Nilitaka aseme walimwekea bunduki kichwani. Wallahi, ningemsamehe palepale. Akasema, "Wale Wazungu wa kambini waliliomba kwa adabu. Siku mbili tu. Walilirudisha tangi limejaa, petroli ile nikaitumia mwenyewe, basi nikakuoshea. Nilitaka ulikute safi kama ulivyoliacha."

Nikakuoshea! Mtu amekula chumvi ya nyumba yangu, anajua nyumba ile ni ya nani, anajua gari lilikwenda kumchukua nani, halafu ananidai shukrani. Nikatoka na jiwe langu.

Barabarani nikaanza kazi upya. Nililiosha tangi, nikasuuza mara tatu kwa petroli, nikafungua pampu kipande kipande, nikapuliza kila tundu kwa mdomo mpaka midomo ikaniwaka. Hasira ilinipa mikono mizuri siku ile. Injini ikaitika mara moja, na nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Nikaliweka jiwe mkononi mwake, nikamweleza yote, sikumficha hata jina la mtu.

Aliligeuza jiwe. "Ni la huku kwetu," alisema. "Nakuamini, mwanangu. Hukuwa wewe." Nikainua mguu nivuke kizingiti. Akanyoosha mkono kunizuia. "Lakini ufunguo alipewa na nani?"

Nyuma yake, kwenye giza la ukumbi, shemeji yangu alikuwa amekaa, amegeuza sikio lake zima upande wetu. Alikuwa ameusikia mlio wa gari, na mikono yake ameiweka nyuma kama aliyefungwa kamba. Mke wangu aliiona. Akaingia chumbani, akatoka na sanduku langu, akaliweka nje taratibu, bila kunitazama.

Nililipakia, nikashika njia ya kwenda kwenye meli ya Mutsamudu. Gari halikukohoa hata mara moja.