Siku Baba Mkwe Aliponisukuma Kwenye Pikapu

Habari hii nimewaficha hata watu wa nyumbani kwetu, na ningeendelea kuificha kama si kwamba gulio zima la Kwai linaijua, tena wanaisimulia kwa kuitia chumvi, basi afadhali niiseme mwenyewe mnicheke vizuri.

Baba mkwe wangu analima kabichi na viazi kule Mgwashi, na kila barabara ikigeuka tope mzigo wake unamwozea shambani, kwa hiyo akauza ng'ombe wake wawili wa maziwa apate pikapu iliyotumika, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Akanipigia simu: "Mwanangu, kuna gari Kwai. Njoo ulitazame kabla sijalinunua." Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui magari. Mimi najua kuendesha tu, na ufundi wangu wote unaishia kwenye kuongeza maji ya rejeta. Lakini siku ya posa wajomba zangu walinisifia kwamba ni mtaalamu wa mitambo (mnajua posa zilivyo, hata mwenye tuta moja la vitunguu huitwa bwana shamba), na miaka mitatu nilikuwa sijawakanusha. Nikajibu, "Sawa baba, hilo niachie mimi."

Muuzaji tulimkuta uani kwake, mzee mchangamfu mwenye kofia ya sufu, na gari lake limeegeshwa mteremkoni, pua imeelekea chini, jiwe chini ya tairi. Mtu wa Dar angeuliza kulikoni, lakini sisi wa milimani jiwe chini ya tairi ni jambo la kila siku, nami nikamsifu kwa uangalifu. Kisha nikaanza kazi: nikapiga teke matairi yote manne, nikafungua boneti nikaikunjia uso, nikachomoa kile kijiti cha oili nikakinusa (nilikuwa nanusa nini sijui hadi leo), nikatangaza kwamba injini ina afya. Baba mkwe akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, na heshima ile ikanilevya.

"Shukeni nalo mpaka gulioni mrudi," muuzaji akasema, "mimi nipo hapa." Tukapanda, mimi kwenye usukani, akaondoa jiwe mwenyewe, gari likaanza kuserereka, akaniambia niachie klachi, likanguruma. "Ndivyo tunavyobana mafuta huku." Nikaona mtu huyu ana hekima. Tukashuka zile kona raha mustarehe, mimi nikimweleza baba mkwe mambo ya giaboksi niliyokuwa nayatunga palepale.

Gulioni akatokea mzee mmoja anayefahamiana na baba mkwe tangu zamani. Sasa huwezi kumpa mzee shikamoo umekalia kiti na gari linamngurumia, tena mkwe wako anakutazama. Nikazima injini, nikashuka, nikainama, "Shikamoo babu." Marahaba, habari za mjini, za watoto, za mvua, zikaisha. Nikarudi ndani nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena, ukasikika mlio mdogo kama wa mtu anayetafuna karanga.

"Vipi?" baba mkwe akauliza.

"Linapumzika," nikasema.

Wauza kabichi wakaja kusukuma pale bondeni, likakohoa mara mbili likanyamaza, likazama kwenye tope. Nikavuta kile kijiti cha kuingiza magurudumu manne, kikang'oka chote nikabaki nacho mkononi. Simu ya muuzaji haipatikani. Ikabaki njia moja, kumrudishia mwenyewe gari lake, na kwa mwenyewe ni mlimani. Breki ya mkono nayo ilikuwa haishiki (ndipo nilipolielewa lile jiwe), kwa hiyo lazima mtu akae ndani akanyage breki kila wasukumaji wakipumzika.

"Baba, shika wewe usukani, mimi nisukume."

"Usukani mimi naujulia wapi? Kaa."

Akavua koti lake la Jumapili, lenye fedha za ng'ombe wote wawili mfukoni, akanipa nimshikie, akazunguka nyuma. Mzee aliyenipa binti yake akanisukuma kilima kizima pamoja na wale wauza kabichi, mimi nimekaa kama bwana harusi, koti lake magotini, nikiona kwenye kioo kipara chake kikipanda na kushuka. Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga. Mama mmoja muuza mapeasi akamuuliza baba mkwe, akimwita baba kwa kilugha, "Tate, huyo mnayemsukuma ni mgonjwa?" Nikamsikia baba mkwe akijibu huku anahema, "Ni mkwe wangu. Amekuja kunipimia gari." Wakacheka mpaka wakaacha kusukuma, nikakanyaga breki kwa miguu miwili.

Juu tukaambiwa muuzaji ameenda msibani. Tukaliacha gari lake, nikaliwekea jiwe. Baba mkwe akakaa ukingoni mwa njia, akavaa koti, nami nikaanza kumweleza habari za stata. Akanikatiza polepole.

"Mafundi wapo tele, mwanangu, ningemlipa mmoja. Nilikuita wewe nikijua muuzaji ataniongopea, nikasema bora niwe na mtu wa nyumbani. Huyo hata akiwa hajui, ataniambia hajui."

Maneno yale yaliniingia kuliko kicheko cha gulio zima. Nikasema, "Nisamehe baba. Magari siyajui."

"Hilo nimeshaliona," akasema. "Nimelisukuma."

Baadaye alinunua pikapu nyingine, akampa fundi aikague, kisha akanialika niitazame. Nilisimama mbali, mikono nyuma, nikasema ina rangi nzuri. Ujuzi wangu unaishia kwenye rangi, na sitauvusha hapo tena maisha yangu yote.