Kanda Aliyoikosea Mzee Mutayoba

Saa mbili asubuhi, Igogo. Mzee Mutayoba ameketi kibarazani, enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, imelala mapajani. Vidole vyake lakini vimeshika penseli. Anaichomeka kwenye tundu la kanda ya redio na kuizungusha polepole, utepe uliolegea urudi ndani.

Hii ni kanda ya 32. Zote zina nyimbo zake, na hakuna hata moja iliyo yake.

"Nimeimba tangu ujana, sikujiwekea hata moja," anasema mwimbaji huyo wa miaka 74, mzaliwa wa Muleba. "Mganga hajigangi, si ndivyo wanavyosema?"

Enzi hizo, aliyetaka wimbo wa harusi alifika na kanda tupu. Mutayoba alibonyeza vitufe vya redio yake, akaimba upya mwanzo hadi mwisho, akichomeka majina ya maharusi na wazee wa pande zote mbili. Miaka ya tisini alilipwa Sh1,500, na mwenye migomba aliongeza mkungu. Mteja aliondoka na kanda, mwimbaji akabaki na koo kavu. Nakala ya nini, wakati kesho anakuja mwingine na majina yake!

Aliyempokea kwa kiitikio alikuwa mkewe, Felicitas. Alifariki miaka mitatu iliyopita, na hapo ndipo mzee aliposhtuka kuwa nyumba nzima haina sauti ya mkewe.

Akaanza kuzunguka. Kanisani, misibani, kwenye harusi za wajukuu wa wateja wake, kila mahali aliomba aazimwe kanda. Binti yake, Nice, huzihamishia kwenye kompyuta. Lakini katika zile 31 za mwanzo, Felicitas anasikika kwa mbali tu, kama mtu anayeimba nyumba ya jirani.

Mzee anajua sababu, na inamuuma. Majina ya mteja yalitakiwa yasikike vizuri, hivyo mkewe alikalishwa kwenye mlango wa jikoni. "Nilimweka mbali mimi mwenyewe," anasema.

Wiki iliyopita alifika Kiseke kwa mwalimu mstaafu Nestory Mayala, Msukuma aliyeoa Mhaya mwaka 1994. Baada ya shikamoo na marahaba, Nestory aliitoa kanda kabatini huku akimwonya kwamba ni ile iliyoharibika. Nzuri ilishachakaa kwa kuchezwa. Hii iliyokosewa, mke wa Nestory aliiomba siku ileile ya kurekodi, kwa sababu ilimchekesha.

Leo Nice anaiweka kwenye redio. Sauti ya Mutayoba wa miaka hiyo inamsifu bwana harusi Chenge, ukoo wake, ng'ombe wake. Ghafla zinasikika ndara zikikaribia, nyuzi zinanyamaza, na mwanamke anasema karibu kabisa:

"Baba Nice, Chenge alioa Jumamosi iliyopita. Huyu ni Nestory."

Kisha anacheka, kicheko kirefu kisicho na haraka. Bado akiwa palepale, anaanzisha mwenyewe kiitikio, safari hii kwa jina sahihi. Anaimba mara mbili nzima kabla mumewe hajamkatiza:

"Haya, rudi mlangoni, tuanze upya."

Mzee Mutayoba anavua miwani na kuifuta kwa shati, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Machozi yanamtoka na hayafichi. Nice anairudisha kanda mwanzo bila kuombwa.

Desemba mzee ataingia studio moja ya Nyamagana kurekodi nyimbo kumi, kwa nakala za kuuza na, safari hii, moja ya kubaki nyumbani. Nice ataitikia, kwa kipaza sauti chake mwenyewe. Kanda ya Nestory ndiyo itakayofungua rekodi hiyo.

Fundi wa studio amepiga simu kuuliza kama aikate ile sehemu ya makosa, wimbo utoke safi.

"Makosa yaache yote," mzee anamjibu. "Kata pale tu ninapomwambia arudi mlangoni."