Vifuniko vya Vioo vya Gari Letu

Binti yetu alikuwa na miaka tisa, na alizaliwa na ugonjwa wa damu uliomtia maumivu mifupani. Daktari aliyemzoea alikuwa amehamishiwa Kilifi, kwa hivyo kila maumivu yalipozidi tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, tukaondoka mtaani kwetu Shella kwenda huko. Mume wangu alikuwa dereva wa teksi na gari lilikuwa lake, kuukuu lakini zima. Kasoro ilikuwa vioo vya pembeni, vile vya kutazamia nyuma. Migongo yake ilikuwa bapa kama visahani, na tukishika mwendo baada ya Gede, upepo ulivipiga vikatoa mluzi mwembamba uliomkatiza mtoto usingizi kila alipoanza kuupata.

"Baba, gari lalia," alisema siku moja.

"Nitalinyamazisha, mama," babake akamjibu.

Nilidhani anambembeleza tu. Jumapili iliyofuata alibandika vipande vya uzi wa sufu kuzunguka vioo, akaniomba niketi mbele nivitazame tukielekea daraja la Sabaki. Nyuzi zilirukaruka kama zenye wazimu.

"Hapo ndipo upepo unapovurugika," akasema. "Tukiupa njia ya kupita, utanyamaza."

Kifuniko cha kwanza cha kuvisha mgongo wa kioo alikikata kwa bati la debe. Kikapiga kelele kuliko kioo chenyewe. Cha pili, cha mti wa msufi, kilipasuka kwa jua. Mwishowe akamwendea fundi wa boti, akapata kitambaa cha faiba na gundi ya kukigandisha. Akachonga kibao mfano wa nusu yai, apate kuumba kifuniko juu yake. Binti yetu aliketi barazani akikipiga msasa kile kibao. Mkono ukichoka hupumzika, kisha huendelea. Rangi alichagua yeye, samawati, ingawa gari lilikuwa jeupe. Tulipovijaribu, nyuzi zililala zikatulia. Mume wangu alicheka peke yake mpaka tukafika nyumbani.

Wiki mbili baadaye maumivu yakarudi. Tuliondoka baada ya sala ya adhuhuri. Mtoto aliguna mpaka Gede, halafu akanyamaza. Gari nalo lilikuwa kimya. Nilisikia magurudumu tu.

"Amelala?" mume wangu akauliza.

"Amelala."

"Alhamdulillahi. Usimwamshe."

Nami sikumwamsha. Nilimpepea kwa upindo wa leso, nikifurahi, mpaka tukaingia lango la hospitali. Muuguzi alimwinua kope, akamwita, akamfinya kidole.

"Mama, ameacha kuitika tangu lini?"

Nilimwambia kwamba alilala tangu Gede. Alifariki siku ya pili yake, asubuhi. Daktari alitueleza kwamba damu ilikuwa imeziba mshipa wa kichwani, na kwamba hata tungejua tukiwa njiani, tusingeweza kufanya lolote. Mimi nilimwamini. Mume wangu alitazama sakafu.

Matanga yalipokwisha, alichukua bisibisi akavifungua vile vifuniko, akavitupa shimo la taka. Hakuniuliza. Nilivitoa kabla ya taka kuchomwa, nikaviosha, nikavifungia sandukuni pamoja na nguo za mtoto. Tangu hapo tukaishi kama wapangaji wawili, na jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani. Alikula nje, na akirudi alikwenda moja kwa moja kitandani.

Siku moja, miezi ikiwa imepita, nilimkuta kando ya sanduku, vifuniko mkononi.

"Kwa nini umeviweka?" akaniuliza.

"Kwa nini ulivitupa?"

"Ule mluzi ulikuwa ukimwamsha," akasema. "Mimi ndiye niliyeuzima."

Kumbe hilo ndilo alilokuwa akilibeba miezi yote ile, nami nikidhani amenichukia kwa kuwa nilimpakata mtoto nisitambue kitu. Nikamwambia hivyo. Akanitazama kana kwamba nimesema lugha asiyoijua.

"Wewe? Wewe ulikosa nini?"

"Kama mimi sikukosa, na wewe hukukosa."

Alilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimwacha alie, kisha nikaenda kupika wali na samaki wa nazi, nikatandika mkeka, nikamwita. Alikuja. Alikula kidogo sana, lakini alikaa mpaka nami nikamaliza.

Maumivu yetu hayakuisha. Hatukupata mtoto mwingine, na barabara ya Kilifi hakuipenda tena. Abiria wa huko aliwapa madereva wenzake. Lakini tangu siku ile tulizoea kumtaja binti yetu kwa jina lake, mle nyumbani, sote wawili.