Siku Tuliyoing'arisha Bastola ya Kapteni

Jumamosi iliyopita niliamka Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm, katika chumba cha rafiki ambaye ameshaanza kunichoka, nikavaa viatu, nikatoka. Sikuwa na mpango. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule, na wanaonijua hawaniulizi tena ninakwenda wapi. Nilipanda treni ya kwanza iliyokuja, na kituo cha pili nikashuka Skärholmen kwa sababu moja tu: mama mmoja alikuwa amebeba kioo kikubwa kuliko yeye mwenyewe, nami nilitaka kujua anakipeleka wapi.

Alikuwa anakipeleka kwenye soko la vitu vikuukuu. Huko ndani, kati ya vikombe vilivyovunjika mikono na redio zisizosema tena, babu mmoja alikuwa anafuta kitasa cha zamani kwa kitambaa. Harufu ilinifikia kabla sijamwona: ndizi zilizoiva kupita kiasi, zikachanganyika na mafuta ya taa. Ni harufu ya dawa fulani ya kusafishia vyuma, na sikuwa nimeinusa tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilisimama pale nikicheka peke yangu mpaka babu akadhani namcheka yeye.

Niwaambie ninyi, basi, kwa kuwa kwetu hakuna anayetaka kulisikia jambo hili.

Baba yangu alisafisha mabehewa ya treni. Siku za kazi alikuwa mtu wa ndoo na fagio, na Jumapili alikuwa Kapteni. Jumapili alivaa koti lenye vifungo vya shaba, akashuka kwenye chumba cha chini ya jengo letu, ukuta mmoja na chumba cha kufulia nguo, ambako wazee waliokimbia Uganda walikuwa na chama chao. Chumba kilinuka sabuni ya unga na soksi zenye maji. Humo waliitana kwa vyeo. Kulikuwa na meja mmoja na luteni wawili, lakini sikumwona hata mmoja aliyekuwa askari wa kawaida, nikajiuliza nchi ile ilipigana vipi. Walizungumza Kiswahili kile walichofundishwa kambini kwa viboko, kwa hiyo hata walipoulizana nani kala sambusa ya mwisho ilisikika kama gwaride. Mama yangu, alipokuwa amechoka sana na mambo yao, alinidokeza kwamba baba alikuwa karani wa stoo. Aliandika idadi ya blanketi.

Fahari ya chama ilikuwa bastola. Ilikaa ndani ya kabati la kioo, juu ya kitambaa cha kijani: rivolva ya zamani, ile ya silinda inayozunguka, yenye mpini wa mbao. Ilifikaje Sweden sijui. Kila mzee alikuwa na maelezo yake na yote yalikuwa na gunia la unga ndani yake. Polisi walishaiona, mtutu ulishazibwa kwa chuma, na barua ya kibali ilikaa chini yake kama sahani chini ya kikombe. Haikuweza kuua hata panya.

Kila mwaka, siku ya sherehe ya chama, baba alisimama mbele ya kabati akasimulia jinsi alivyoushikilia ukingo wa mto kwa bastola ile mpaka wenzake wote wakavuka. Wote isipokuwa Sajenti Yusufu. Huyu Yusufu alikuwa mume wa Mama Rehema, mwanamke mfupi, mkimya, aliyefanya kazi katika nyumba ya wazee na ambaye ndiye aliyepika pilau la sherehe. Nilisikia simulizi ile mara nyingi kiasi cha kuona Yusufu alivyokuwa anapungua. Nilipokuwa mdogo alipigana bega kwa bega na baba. Baadaye akawa mbeba risasi. Nilipofika miaka kumi na mmoja alikuwa ameteguka kifundo cha mguu na baba alikuwa anambeba. Mama Rehema alisikiliza yote hayo akiwa ameshika mwiko, na uso wake haukusema kitu. Nilimwona kama mwanamke mpumbavu.

Mwaka ule chama kilikuwa kinatimiza miaka kumi, na wazee walitazama bastola yao wakaona imechakaa. Rangi nyeusi ya chuma ilikuwa imeliwa, mtutu umekuwa kijivu kama sufuria ya aluminiamu, mbao za mpini zimebonyea. Kapteni alisema ni aibu. Watu wa kwetu mnawajua: kitu cha heshima lazima king'ae. Kiatu king'ae, sahani za wageni zing'ae, paji la uso la mtoto anayepelekwa kanisani au msikitini ling'ae mafuta. Baba alitaka fundi akisugue chuma chote, aondoe mikwaruzo, aitie weusi mpya na kunyoosha mbao. Bwana Odongo, katibu, aliyewahi kuwa mwalimu na sasa alikuwa anapanga barua za watu posta, alipinga. Alikuwa amesoma gazeti maktaba, na gazeti lilisema vitu vya kale viachwe vilivyo. Wiki tatu walibishana kuhusu kipande cha chuma kisichofanya kazi, wanaume wazima, wakati mashine za kufulia zinazunguka nyuma ya ukuta.

Mwishowe ikaamuliwa watu watatu waipeleke kwa fundi, wamsikilize, kisha wapige kura palepale. Watatu walikuwa baba, Odongo, na Mama Rehema, kwa kuwa katiba ya chama ilidai mwanamke mmoja katika kila kamati na wengine wote walikuwa kazini. Mimi nilichukuliwa kutafsiri. Kapteni asingeweza kuonekana akitafuta maneno mbele ya Mswidi.

"Wewe kuja, simama wima, sema yote anasema," aliniamuru, na tukaenda Vällingby, bastola ndani ya boksi la viatu mapajani mwake, barua ya polisi juu ya boksi ili kila abiria aione. Hakuna abiria aliyeangalia.

Duka la fundi lilikuwa chini ya ngazi, na ndipo harufu ile ya ndizi iliponipokea. Fundi alikuwa mzee mrefu mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Hakuuliza habari za mto. Aliichukua bastola, akaigeuza chini ya taa, akaanza kuisoma. Sina neno jingine. Niliacha kumdharau mara moja, jambo ambalo kwangu lilikuwa nadra.

Alisema anaweza kuifanya iwe kama imetoka kiwandani, ila kila kilichoandikwa juu yake kitafutika. Nikamuuliza kimeandikwa nini, maana sikuona herufi. Akanishika mkono, akaweka kidole changu upande wa kulia wa mpini. Mbao zilikuwa na shimo laini, kama kijiko. Hapo, alisema, kidole gumba kimekaa miaka mingi. Na kidole gumba hukaa upande huo mkono wa kushoto ukiishika. Akanionyesha mstari mwembamba mbele ya mpini: pete. Mtu huyu alikuwa anatumia mkono wa kushoto na alivaa pete katika mkono huohuo. Kisha akainua macho akauliza, kwa upole, nani kati yetu anatumia kushoto.

Baba yangu alikuwa anatumia mkono wa kulia kwa kila kitu alichowahi kufanya, hata kunipiga kofi. Vidole vyake havikuwa na pete.

Wote watatu wakanigeukia, wakingoja.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimhurumia baba. La. Nilijiona nimeshika siri ambayo mijitu ile mikubwa haikuijua, na nilitaka kuwatazama wakiendelea kuwa wapumbavu. Nikasema, "Anasema imechakaa kwa unyevu wa huku. Anasema itang'aa kama mpya."

Baba akatikisa kichwa kukubali, kama daktari. Akasema basi, kura yake ni ing'arishwe. Odongo akasema gazeti ni gazeti, iachwe. Ikabaki kura ya Mama Rehema.

Yeye aliomba kwanza aishike. Aliishika kwa mkono wa kushoto, kidole gumba chake kikatambaa juu ya mbao mpaka kikaingia kwenye lile shimo, kikapotea humo kwa udogo. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akaiweka juu ya meza.

"Ing'arishwe," akasema. "Ing'arishwe sana."

Nilimdharau kuliko wote. Nilizijua sufuria zake; alizisugua kwa steelwaya mpaka uone meno yako ndani. Nikajisemea: huyu naye, akiona kitu kimechakaa, hajui jingine zaidi ya kusugua.

Sherehe ilikuwa Jumapili mchana. Bastola ilirudi nyeusi, laini, inateleza kwa macho kama kiatu cha harusi, mbao zimenyooshwa na kupakwa vanishi. Wazee waliizunguka wakipongezana. Baba akafunga vifungo, akaanza. Alipofika kwenye mto, kijana wa Odongo, mzaliwa wa Stockholm kama mimi, aliyekuwa amekaa nyuma na wenzake, akainua mkono kama yuko darasani.

"Samahani, Kapteni," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, ili kila mtu amwelewe. "Huo mto mliuvuka wiki iliyopita?"

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kwa Kiswidi kama bastola ilikuja na betri zake. Hilo tungelivumilia, vijana wetu hucheka kila kitu cha wazazi. Lakini nikamwona Meja amejifunika mdomo kwa leso, mabega yanaruka, na Luteni mmoja anatazama dari. Baba aliendelea na sentensi mbili zaidi. Kisha akaigeukia bastola, akaiangalia kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta samani za mtu mwingine. Akasema chakula kiko tayari. Mama Rehema akampakulia yeye wa kwanza, sahani iliyojaa, nyama juu.

Hakuisimulia tena. Mwaka uliofuata kabati liliwekwa vikombe vya mpira wa miguu vya vijana.

Nilipotimiza miaka kumi na saba niliacha shule. Walimu wangu walijua majibu tu, mimi nilitaka kujua vitu vinatengenezwaje. Baba alipiga kelele kwa Kiswahili cha kambini, nikamjibu kwa Kiswidi, tukaachana hivyo. Stesheni kuu nilipanda treni iliyokuwa karibu kuondoka, nayo ilikuwa inakwenda Eskilstuna. Nilipokuwa njiani nikakumbuka kwamba Mama Rehema alihamia huko. Nilimpata kwa kuuliza msikitini. Alifungua mlango, akanitazama, akatazama begi, akarudi ndani kuchukua shuka.

Wakati anatandika kochi nilijihisi nina deni la ukweli, na pia, nikiri, nilitaka kumwonyesha nilivyokuwa mjanja. Nikamwambia siku ile Vällingby fundi hakusema habari za unyevu.

Hakuacha kutandika. "Mwanangu, nimeogesha wazee wa Kiswidi miaka tisa. Ulidhani tulikuwa tunaongea Luganda?"

Nikauliza kama Odongo naye alielewa. Alielewa. Na baba?

"Baba yako hukumwona? Fundi alipotaja kushoto, alianza kufunga vifungo ambavyo vilikuwa vimefungwa."

Nilikaa chini. Miaka sita nilikuwa nimejiona mtu pekee mwenye macho katika duka lile, kumbe nilikuwa mtu pekee aliyedhani anaficha kitu. Mama Rehema akanieleza, mikono yake ikiendelea na kazi, kwamba Yusufu nyumbani kwao alilazimishwa kula kwa mkono wa kulia, shuleni alichapwa mpaka akaandika kwa kulia, na jeshini akachapwa tena. Bastola ndiyo kitu pekee alichoachiwa akishike kama alivyozaliwa, kwa kushoto. Alimkabidhi karani wa stoo bastola hiyo ukingoni mwa mto, akarudi nyuma kutafuta watu wawili waliokuwa wamechelewa.

"Na alama yake ndiyo hiyo uliyoifuta," nikasema.

"Niliishika kwanza."

Akasema kwamba ingeachwa vile, mkono wa mumewe ungeonyeshwa kila mwaka na mtu mwingine amesimama mbele yake. Angemkana Kapteni hadharani, wazee wangesimama na Kapteni, kwa kuwa walimhitaji. Kila mmoja wao alikuwa na cheo chake cha Jumapili cha kulinda.

"Yeye alitaka ing'ae," akasema. "Nikampa ing'ae. Nilijua watoto wa Stockholm hawawezi kuamini kwamba kitu kinachong'aa vile kimevuka mto."

Nami nilikuwa nimejiita mwenye dharau. Dharau yangu ilikuwa ya mtoto, ya kukunja pua na kusema uongo mdogo. Yake ilikaa miaka na mwiko mkononi, ikasubiri kura moja, kisha ikampakulia mtu yule nyama.

"Bado anaisimulia?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, tangu sherehe ile hajaitaja hata mara moja.

Akakunja ncha ya shuka chini ya godoro la kochi, akailaza kwa kiganja. "Basi kaa," akasema. "Kesho tutakuchongea ufunguo."