Siku Nilipoisemesha Sinema Kiswahili

Mpaka leo nikikutana na mtu niliyesoma naye kwa masista, pale Uvira, haniulizi watoto wala afya, ananiuliza kama bado naongea na sinema, na mimi nainamisha uso, kwa sababu ni kweli niliongea nayo, tena mbele ya baba yangu.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, sisi wasichana wa bweni, na Jumapili moja mchana padri mgeni akaja na mashine ya sinema, wazazi nao wakaalikwa. Madirisha ya darasa kubwa yakazibwa kwa mablanketi, shuka nyeupe ikatundikwa kwenye kamba, wote wakaingia isipokuwa mimi. Nilikuwa nimecheka kanisani (si mara ya kwanza, na Sista Mkuu alishamwambia baba kwamba kosa lingine moja narudishwa kwetu Makobola), basi nikawekwa jikoni kuchambua maharagwe.

Nikasikia vicheko. Nikajiambia nichungulie kidogo tu, maharagwe hayakimbii. Nikapita mlango wa nyuma, nikajikuta nyuma ya shuka, picha naiona vizuri ila imegeuka, watu wote wanakula kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa habari ya msichana mtundu wa Kizungu, wa bweni kama sisi, anatoroka dirishani, ananing'inia, na sista wake yuko kwenye kona anakuja na taa. Mimi nikasahau niko wapi, nikapaza sauti: "Weye, shuka mbio, masista iko anakuja."

Baadaye waliniambia mama mmoja alimgeukia mwenzake akasema, "Kumbe huyu muzungu anajua Kiswahili ya kwetu," na watu wakaanza kupiga makofi. Nilipotaka kurudi nyuma polepole mguu ukanasa kwenye kamba, shuka ikaniangukia nzima, nami badala ya kusimama nikakimbia (nakimbilia wapi, na sioni kitu?), nikagonga mabenchi, watoto wakalia, mpaka nikaangukia magoti ya mtu, na nilipofunuliwa nikakuta ni ya Sista Mkuu. Kando yake baba, na koti lake la kuazima, anatazama chini.

Tuliitwa ofisini wote wawili.

"Veronika," Sista Mkuu akasema, "kwa nini ulimwambia ashuke?"

Sikuwa na uongo wowote tayari. "Nilimuhurumia, Sista. Angekamatwa."

Akageukia dirisha, mabega yakawa yanamtetemeka, na mimi nikajua basi, nimemliza sista, narudi nyumbani. Alipogeuka alikuwa anapangusa machozi kweli, lakini ya kucheka. Akasema nitafua ile shuka na kuishona, na sinema ikija tena nitakaa kando yake anishike mkono.

Nje nilipumua kama mtu aliyetolewa majini. Baba akasema, "Minye nilishaanza kufikiri mama yako nitamwambia nini." Akatembea kidogo, akasimama. "Yule mutoto, mwisho walimukamata?"

Nikamwambia sijui, shuka ilianguka palepale. Akasikitika kuliko alivyosikitikia aibu yangu.

Tangu hapo nimeona sinema nyingi, na kila mara, kabla haijaanza, najiziba mdomo kwa kitambaa. Wanaotaka kutoroka watoroke, mimi siwaonyi tena.